Namna ya kuokota dodo raundi za mwisho: mwongozo wa FPL Draft kwa anayeanza

Kila ikikaribia Agosti maswali ni yaleyale. "Nimebakiza raundi nne na majina yote yameisha nifanyeje", "nichukue mkongwe au dogo", "kipa namchukua lini". Nimechoka kujibu mmojammoja kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwanza tuelewane. FPL ni Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa kuunda timu ya wachezaji wa EPL (ligi kuu ya England) na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. FPL ya kawaida una bajeti, una kapteni, na watu wote kwenye ligi yenu wanaweza kuwa na Salah yuleyule. FPL Draft haina bei, haina kapteni wa kuzidishiwa pointi, haina chipsi (zile nyongeza maalumu unazotumia mara chache kwa msimu), na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu basi kwenu ameisha. Kila mtu anabeba 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Hakuna kikomo cha wachezaji wa klabu moja. Siku ya drafti mnachagua mchezaji mmojammoja kwa zamu, mzunguko mmoja ni raundi moja, na zamu zinaenda kama nyoka, yaani aliyeanza raundi ya 1 anamaliza raundi ya 2 kisha anaanza tena raundi ya 3. Kwenye ligi ya watu 8, mwenye namba 1 anachagua zamu ya 1, 16, 17, 32, 33 na kuendelea hivyohivyo.

Raundi za mwisho mimi nazihesabu kuanzia ya 11. Kumi za kwanza hata asiyeangalia mpira atajikongoja, ataona Haaland atambonyeza. Kuanzia hapo ndo utamjua aliyejiandaa na aliyekuja kuchat.

Vya kuwa navyo kabla

- Idadi kamili ya watu kwenye ligi yenu, na namba yako ya zamu ikishatoka
- Orodha ya wachezaji kwenye tovuti au apu yenyewe ya FPL, maana nafasi ya mchezaji ni ile waliyomwandikia wao, sio ile unayoijua wewe
- Takwimu za msimu uliopita za mechi ALIZOANZA (sio alizocheza tu, nitaeleza), magoli, asisti na nani anapiga penati
- Habari za usajili za wiki mbili za mwisho
- Ratiba ya mechi 5 au 6 za mwanzo
- Karatasi na penseli. Au spredishiti ukipenda, mimi napenda karatasi kwa sababu haizimi
- Chaji na bando. Unacheka lakini kila mwaka kuna mtu anachaguliwa wachezaji na mfumo kwa sababu simu imezima

Kama ligi yenu bado haijapanga tarehe, ombeni drafti iwe karibu kabisa na wiki ya kwanza ya mechi. Ukidraft Julai unachagua gizani, klabu zinauza na kununua hadi mwisho wa dirisha.

Hatua ya 1: Hesabu watu kwanza, wachezaji baadaye

Hii watu wanairuka na ndo kubwa kuliko zote.

EPL ina timu 20, kila moja inaanzisha watu 11, kwa hiyo kila wiki kuna wachezaji 220 wanaoanza. Watu 8 mkichukua 15 kila mmoja mnabeba 120. Maana yake hata drafti ikiisha bado wanaoanza mechi kama 100 wako mtaani hawana mwenyewe. Watu 4 mnabeba 60 tu, mtaa umejaa. Watu 12 mnabeba 180, hapo pumzi inaanza kukata. Ligi ikijaa 16 mnabeba 240, idadi inazidi hata wanaoanza.

Kwa hiyo kwenye ligi ya watu 4 hadi 6 usipoteze usingizi kutafuta beki salama raundi ya 13, wa aina yake utawakuta bure baada ya drafti. Huko raundi za mwisho cheza kamari, chukua mwenye uwezekano wa kulipuka. Kwenye ligi ya 10 na kuendelea ni kinyume kabisa, mtu yeyote mwenye uhakika wa namba (yaani wa kuanza mechi) ni mali, hata kama anakaba tu na hana mbwembwe.

Sasa piga hesabu hiyohiyo kwa kila nafasi. Makipa wanaoanza ni 20. Watu 8 mnahitaji 16, watu 10 mnahitaji 20 wote wanaisha, watu 12 mnahitaji 24, ina maana lazima kuna watu watabaki na kipa namba mbili anayesugua benchi msimu mzima. Washambuliaji ndo balaa zaidi. Timu nyingi zinaanzisha straika mmoja, na mawinga wengi wanaofunga FPL inawaandika viungo (Salah na Saka wote waliandikwa viungo 2025/26), kwa hiyo mastraika wanaoanza ni ishirini na kidogo. Watu 8 mnahitaji 24. Umeona? Beki wanabaki kibao, viungo wanabaki, straika wanaisha.

Hatua ya 2: Tafuta nani kaondoka

Watu wote wanaangalia nani kaja. Wewe angalia nani kaondoka, kwa sababu penati zake, kona zake na dakika zake lazima zirithiwe na mtu, na mrithi huwa tayari yupo humohumo ndani ya timu na hana kelele.

Mfano mzuri ni Brentford. Mwisho wa Agosti 2024 Ivan Toney akaenda Saudi Arabia. Toney ndo alikuwa mpiga penati. Bryan Mbeumo akarithi penati, FPL ilikuwa imemwandika kiungo, yaani kila goli lake pointi 5 badala ya 4 za mshambuliaji, akamaliza msimu wa 2024/25 na magoli 20 na mwenzake Yoane Wissa akafunga 19. Halafu 2025 Mbeumo akaenda Manchester United na Wissa akaenda Newcastle, na watu wakasema Brentford imekwisha. Pengo likarithiwa na Igor Thiago, straika ambaye msimu wake wa kwanza ulipotelea kwenye majeraha hivyo kwenye orodha ya takwimu alionekana hana kitu. Akaanza kufunga na penati akapewa. Klabu moja, stori ileile mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na watu waliodraft jina kubwa la benchi la klabu kubwa wakamwacha mrithi.

Fanya hivi: andika timu zote 20 kwenye karatasi, mbele ya kila timu andika mfungaji au mpiga penati aliyeondoka kama yupo, kisha mbele yake mtu mmoja unayedhani atarithi. Hutajaza zote, ukipata timu sita au saba zenye pengo la kweli inatosha.

Usifunge hesabu drafti ikiisha, siku za mwisho za dirisha zina mambo. Cole Palmer alitua Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, msimu umeshaanza, na penati akaanza kupiga Oktoba. Alimaliza na magoli 22 ya ligi, 9 ya penati. Mtu kama huyo humpati raundi ya 12, unampata kwa kuwahi akiwa bado hana mwenyewe.

Hatua ya 3: Chuja kwa mechi alizoanza

Mchezaji akicheza hadi dakika 60 au zaidi anapata pointi 2, chini ya hapo pointi 1. Ndogo ee? Zidisha mara mechi 38 za msimu.

Ndo maana nasema angalia mechi alizoanza na sio alizocheza. Mtu anaweza kuandikiwa mechi 33 kumbe 20 kati ya hizo aliingia dakika ya 75. Kwenye raundi za mwisho mimi natafuta aliyeanza kuanzia mechi 28 hivi msimu uliopita, au ambaye sababu ya kutoanza imeondoka (aliyekuwa mbele yake kauzwa, au alikuwa majeruhi na sasa mzima).

Mwaka mmoja nilimchukua straika mwenye jina kubwa raundi ya 11, nikajiona mjanja kuliko wote. Kumbe wenzangu walimwacha makusudi, mchana wa siku hiyo klabu yake ilikuwa imeleta namba tisa mwingine na mimi sijasoma. Basi akawa anaingia dakika ya 80 na kitu, wiki hadi wiki, pointi mojamoja kama bomba linalovuja. Na ubaya wa ile pointi moja ni kwamba mfumo unaingiza mtu wako wa benchi pale tu aliyepangwa asipocheza KABISA. Akiingia hata dakika ya 89 umeshikwa, beki wako wa benchi mwenye pointi 9 anabaki anakuangalia.

Hatua ya 4: Awe na njia ya pili ya pointi

Dakika peke yake zinakupa mtu wa pointi mbilimbili. Unataka na kitu cha ziada, kimoja tu kinatosha, kati ya hivi:

*Penati na mipira iliyokufa (frikiki na kona).* Mpiga penati wa timu ya chini ni bora kuliko winga wa tatu wa timu ya juu. Luton walishuka daraja 2023/24 lakini Carlton Morris alifunga 11 na Elijah Adebayo 10. Ipswich walishuka 2024/25, Liam Delap akafunga 12. Timu zote tatu zilizopanda zilishuka misimu yote hiyo miwili, ndo maana watu wanawakimbia wachezaji wao, na ndo maana straika wao wa kwanza anakusubiri raundi ya 12. Mabeki wao ni habari nyingine, hao waogope kidogo.

*Kazi ya ukabaji.* Kuanzia msimu wa 2025/26 beki anayefikisha vitendo 10 vya ukabaji kwenye mechi (kuondosha hatari, kublok, kunasa pasi, kupokonya mpira) anapata pointi 2 za ziada. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa 12, ila wao wanahesabiwa na mipira waliyookota. Hii ndo iliyobadilisha raundi za mwisho. Zamani beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika 90 alikuwa takataka, sasa kushambuliwa ndo kazi yake.

Tufanye mfano, namba nazitunga mimi. Beki wa kwanza ni wa klabu kubwa, anaanza mechi 18, timu yake haijafungwa katika 8 kati ya hizo. Dakika zinampa pointi 36, klinishiti (mechi bila kufungwa) 8 mara pointi 4 ni 32, jumla 68. Beki wa pili ni wa timu ya nafasi ya 14, anaanza mechi 34, klinishiti 6, na kwenye mechi 17 anafikisha vile vitendo 10. Dakika zinampa pointi 68, klinishiti 24, ukabaji 34, jumla 126. Toa hata pointi 15 za kufungwa magoli mengi (kila magoli mawili ni pointi 1 inakatwa) bado anabaki na 111. Wa kwanza anaenda raundi ya 8 kwa sababu ya jezi, wa pili anaachwa hadi ya 14.

*Nafasi iliyoandikwa tofauti na anakocheza.* Msimu wa 2019/20 John Lundstram wa Sheffield United aliandikwa beki huku anacheza kiungo, akafunga magoli 5, na goli la beki ni pointi 6, na klinishiti za beki juu. Mtu wa aina hii hajitokezi kila mwaka lakini pitia orodha ya mabeki taratibu, ukiona jina ukashtuka "huyu si anacheza winga?" mzungushie duara.

*Seivu.* Kwa makipa tu. Kila seivu 3 (mashuti aliyookoa) ni pointi 1, kwa hiyo kipa wa timu inayopigwa mashuti hafi njaa. Na wakati mwingine anakuletea vyote, Matz Sels wa Nottingham Forest aligawana glovu ya dhahabu (tuzo ya kipa mwenye klinishiti nyingi) na David Raya 2024/25, klinishiti 13 kila mmoja, na sidhani kama kuna wengi waliokuwa wanamfikiria mapema Agosti ile.

Hatua ya 5: Wasome waliochokwa na watu

Kuna wachezaji wanaachwa kwa sababu tu hawavutii kuwataja. Umri umesogea, hawana video za mbwembwe, timu yao ni ya kawaida. Chris Wood alikuwa na miaka 32 msimu wa 2024/25 unaanza. Msimu uliotangulia alikuwa ameshafunga 14. KUMI NA NNE, na bado watu walimruka wakakimbilia vijana waliofunga kwenye mechi mbili za kirafiki. Akafunga 20. Hakuna siri yoyote hapo, ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wake.

Kwa hiyo panga orodha ya washambuliaji na viungo kwa magoli ya msimu uliopita, kisha funika jina la klabu na umri kwa mkono. Unayeona namba zake ni nzuri halafu ukifunua unasema "aah huyu", huyo ndo wako.

Ratiba nayo iangalie lakini isikuendeshe. Mechi 5 za mwanzo zinatosha kuamua kati ya wawili wanaolingana, basi. Kumchukua mtu mbovu eti kwa sababu anaanza na timu zilizopanda daraja ni kujidanganya, wiki ya 6 itafika.

Hatua ya 6: Panga kwa mafungu, usipange kwa namba

Usiandike 1 hadi 60. Kwenye joto la drafti utakuwa unamtafuta wa 43 kumbe keshachukuliwa. Andika mafungu kwa kila nafasi: straika wenye namba na penati, straika wenye namba tu, mabeki wa ukabaji, viungo warithi, makipa wa seivu, na fungu la mwisho la kamari. Kila fungu majina 5 au 6. Mtu akichukuliwa unakata kwa penseli.

Faida yake ni kwamba unaona fungu linavyopungua. Fungu la mabeki wa ukabaji likiwa na watu 6 na la straika wenye namba amebaki 1, unajua cha kufanya bila kufikiria, beki watasubiri.

Hili nimejifunza kwa maumivu. Nilikuwa namba 4 kwenye ligi ya watu 8, zamu ya 84 imefika, raundi ya 11. Straika wenye uhakika wa namba wamebaki watatu, nikasema watatu ni wengi, nikachukua beki niliyempenda. Zamu yangu iliyofuata ilikuwa ya 93, katikati kuna zamu nane tu. Wa kwanza akachukua straika. Wa pili naye akashtuka akachukua straika. Unajua watu wakiona mwenzao kakimbia nao wanakimbia hata hawajui wanakimbia nini. Kufika 93 nakuta wote watatu wamekatwa na mimi nina beki sita za kuchagua. Nikamaliza na straika wa tatu ambaye hata benchi alikuwa hapati.

Hatua ya 7: Mpangilio wa raundi ya 11 hadi 15

Hapa nitakupa wangu wa ligi ya watu 8 hadi 10, ubadilishe kidogo kulingana na hatua ya 1.

Raundi ya 11 na 12: maliza straika wako. Kanuni zinataka angalau straika mmoja uwanjani, beki watatu na viungo wawili, kwa hiyo straika wa tatu sio lazima aanze kwako, ila ukiwa na wawili tu wazima na mmoja akaumia utatafuta mtaani na mtaani hakuna.

Raundi ya 12 na 13: kipa wa kwanza kama bado. Kwenye ligi ya 10 na zaidi vuta hadi ya 9 au 10, usisubiri.

Raundi ya 13 na 14: beki wa ukabaji, mmoja au wawili. Hawa ndo watakaoziba matundu.

Raundi ya 15: kamari. Dogo mwenye kipaji, majeruhi mkubwa anayerudi Oktoba, mgeni ambaye haijulikani ataanza. Mmoja tu. Wawili ukiwa ligi ndogo. Na mpe tarehe ya mwisho kabisa siku unayomchukua, iandike kando ya jina, mimi huwa naandika "wiki ya 4", ikifika hajaonyesha dalili nje.

Kipa wa pili? Ligi ya watu wachache mwache awe wa mwisho kabisa, yeyote anayeanza.

Hatua ya 8: Drafti ikiisha kazi haijaisha

Ambao hawakuchaguliwa wanapatikana kwa weiva, unaomba kwa mpangilio wa foleni na maombi yanashughulikiwa saa 24 kabla ya dedilaini ya wiki. Baada ya hapo wanaobaki ni huru, anayewahi anachukua hadi dedilaini, ambayo ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza.

Wiki tatu za mwanzo ndo za kuokota. Kila baada ya mechi angalia vikosi vilivyoanza, sio matokeo. Mtu aliyeanza mechi mbili mfululizo na hana mwenyewe ana thamani kuliko aliyeingia akafunga goli la dakika ya 90. Tengeneza maombi yako jioni ya mechi za Jumapili wakati wengine wanalalamika.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuchukua kipa namba mbili wa klabu kubwa ukidhani ni bima. Sio bima, ni tundu.

Kuamini mechi za kirafiki. Unachoangalia kule ni nani kaanza na wale wa kikosi cha kwanza na nani kapiga penati, magoli yenyewe achana nayo.

Kubeba majeruhi watatu kwa pamoja kwa sababu "wakirudi nitakuwa mtu hatari". Hadi warudi umeshafungwa mechi sita.

Kuchagua timu unayoshabikia. Sisemi zaidi.

Kusahau Afcon. Michuano ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025 na ilibeba wachezaji wengi wa EPL kwa wiki kadhaa. Mwaka wenye Afcon ya katikati ya msimu wachezaji hao wanashuka kwenye drafti, jambo ambalo ni zuri kwako ukimpata mmoja kwa raundi za chini kuliko thamani yake, baya ukiwa nao wanne na benchi lako halina mtu.

Mambo yakienda kombo

*Nilichelewa mfumo ukanichagulia.* Usiguse kitu siku hiyo kwa hasira. Hesabu wangapi kati ya 15 wanaanza mechi, kisha weiva ya kwanza toa wasioanza tu. Kwenye ligi ya watu 8 wale 100 bado wapo.

*Makipa wameisha na nina mmoja asiyecheza.* Usimwachie aliyeko, subiri. Kipa akiumia au kocha akibadilisha, kipa mpya anakuwa hana mwenyewe kwa saa chache. Weka macho kwenye vikosi, omba weiva siku hiyohiyo. Au ongea na mwenye makipa wawili wazuri, yeye anaanzisha mmoja tu kila wiki, wa pili anamuozea, mpe beki wa ukabaji mbadilishane.

*Niliyemchukua raundi ya 13 hajaanza mechi tatu.* Angalia kwanza sababu. Kama ana jeraha dogo na aliyeko kwenye nafasi yake anacheza vibaya, mpe wiki mbili. Kama ni mzima na anakaa benchi, mtoe leo.

*Naogopa nikimwacha mwingine atamchukua afunge.* Atachukuliwa na atafunga, inatokea, na utatumiwa skrinishoti. Lakini swali ni moja tu, wiki hii ungemchukua kama angekuwa mtaani? Kama hapana bonyeza.

*Mtu ananiletea ofa ya kubadilishana, ananipa jina kubwa anataka beki wangu asiyejulikana.* Rudi kwenye karatasi yako, fungua safu ya mechi alizoanza, angalia jina kubwa lina ngapi msimu huu. Halafu jiulize kwa nini amemtaka huyo beki wako saa nne usiku.